Kipimo Bila Mgeni Rasmi

Nchi yetu msiitafute kwenye ramani, mtapoteza muda. Ipo, ina bendera, ina milima mirefu upande mmoja na hotuba ndefu pande zote zilizobaki. Watu wake ni watulivu. Wakiambiwa wasimame husimama, na wakiambiwa kwamba wamekaa hukubali kuwa wamekaa, hata kama miguu inauma.

Kazi yangu ni kupima mto, na si kazi ngumu kueleza. Kwenye nguzo ya daraja la Mto Luhombi kuna rula ya chuma yenye urefu wa mita tatu. Kila asubuhi nakwenda kuangalia maji yamefika wapi. Hicho ni kina, na hata mtoto wa darasa la pili anaweza kukisoma. Lakini kina peke yake hakikuambii maji mangapi yanapita. Ukitaka kujua hilo unashusha mtoni kidude chenye pangaboi, unahesabu kinavyozunguka, unakokotoa, unapata mita za ujazo kwa sekunde. Inakula nusu siku, huwezi kuifanya kila asubuhi. Kwa hiyo unaifanya mara chache, maji yakiwa haba, yakiwa ya wastani, yakiwa mengi. Kila mara unaweka nukta kwenye grafu, kisha unaziunganisha nukta kwa mstari. Tangu hapo unasoma kina tu, na mstari unakuambia mtiririko.

Nchi nyingine wanafanya hivyo hivyo. Sisi tuliongeza kitu kimoja: mgeni rasmi.

Ilianza zamani kidogo, fundi mmoja alipopima mto peke yake siku ya Jumanne na kubandika jibu kwenye ubao wa matangazo. Jumatano Rais akahutubia, akasema mto huo una maji mara mbili ya hayo. Mto ukaonekana umempinga Rais hadharani. Kwa kuwa mto hauhamishiki, alihamishwa fundi, akapelekwa wilaya isiyo na hata kijito, na huko alipima mitaro hadi alipostaafu. Kisha ukatoka Waraka Namba Tisa: kipimo chochote kitakachofanyika bila mgeni rasmi kitahesabiwa kuwa ni uvumi, na atakayekifanya atahesabiwa kuwa ni msambazaji.

Waraka ni mzuri. Una kurasa mbili tu.

*

Basi tukawa tunapima kwa sherehe. Turubai, viti vya plastiki, vitatu vyenye vitambaa kwa ajili ya meza kuu. Mgeni anavishwa skafu na watoto wa skauti, anasaini kitabu cha wageni, anasomewa risala, anaimbiwa na kwaya, anajibu risala, anakata utepe uliofungwa kwenye kamba ya pangaboi. Pangaboi linashuka. Watu wanapiga makofi. Linapanda. Watu wanakula wali.

Tatizo lilikuwa barabara. Barabara ya kuja kwetu ni ya udongo mwekundu, na mvua ikinyesha magari ya wakubwa hayapandi. Kwa hiyo wageni rasmi walikuja Julai, Agosti na Septemba, vumbi likiwa safi na mto ukiwa umenywea kama supu ya mgonjwa. Katika miaka tisa tulipata nukta kumi na moja. Ya chini kabisa ilikuwa sentimita thelathini, mita mbili za ujazo. Ya juu kabisa ilikuwa sentimita themanini na tano, mita kumi na nane za ujazo. Juu ya hapo hapakuwa na nukta hata moja, kwa sababu juu ya hapo ni masika, na masika hayana mgeni.

Mkuu wa ofisi yetu ni Bwana Mkomangi, mtu nadhifu ambaye kalamu zake zote zina vifuniko. Yeye ndiye aliyemalizia grafu. Alichukua rula ya mbao, akaiweka kwenye nukta ya kwanza na ya kumi na moja, akavuta mstari ulionyooka hadi ukingo wa karatasi.

"Bosi," nikamuuliza, "huko juu umejuaje?"

"Mstari ukishaanza vizuri, Mama Tunu, unaendelea vizuri."

Grafu ikasainiwa na Waziri mwenyewe, ikagongwa muhuri, ikatundikwa ukutani ofisini. Ikawa sheria ya mto.

Baada ya grafu kilikuja king'ora. Kilifungwa juu ya daraja, kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, na ufunguo Bwana Mkomangi akauvaa shingoni pamoja na kitambulisho. Kilikuwa na masharti mawili. La kwanza, kitawashwa mtiririko ukifika mita mia moja za ujazo, kwa mujibu wa mstari uliosainiwa. La pili, kabla ya kulia kitapiga wimbo wa taifa, ubeti wa kwanza na kiitikio, dakika moja na sekunde arobaini, kwa sababu mafuriko ni tukio la kitaifa. Na wimbo wa taifa ukipigwa kwetu, kila mwenye miguu husimama wima asitikisike mpaka uishe. Watoto wetu wanafundishwa hilo kabla ya kufundishwa kupenga kamasi.

Nilikaa na grafu, nikafuata mstari kwa kidole. Mita mia moja za ujazo zilikuwa kwenye kina cha mita tatu na sentimita sitini na saba. Rula ya mtoni inaishia mita tatu. Daraja lenyewe liko mita tatu na sentimita arobaini. Maana yake king'ora kingewashwa kikiwa tayari kimezama. Nikampelekea Bwana Mkomangi hesabu hiyo.

Alifurahi sana. Alisema hiyo ndiyo dhamana kwamba hakitalia ovyo.

*

Mimi nina mtoto mmoja, Tunu, wa darasa la tano. Anasoma Shule ya Bweni ya Tambarare, kilomita nne chini ya daraja, kwenye uwanda ambao mto wenyewe uliusawazisha siku za nyuma, kabla watu hawajafika wakaona umewasaidia kazi. Wanafunzi mia tatu na kumi na wawili. Nyuma ya shule kuna kilima, mbele kuna mto, na barabara ya kuja darajani inapita katikati, ukingoni kabisa.

Kwa hiyo masika ya mwaka juzi nilifanya uvumi. Nilimchukua Mzee Kiwelu, mwenzangu wa kazi, dereva wa pikipiki ya ofisi, mtu wa maneno machache na tumbo la vidonda. Tulikwenda darajani mvua ikinyesha, maji yakiwa mita moja na sentimita tisini, tukashusha pangaboi bila utepe. Lilizunguka mpaka kamba ikawa inaimba mikononi. Nikakokotoa mara tatu. Mstari wa Waziri ulisema arobaini na nane. Mto ulisema tisini na nane.

Asubuhi yake nikaweka jibu mezani kwa Bwana Mkomangi.

"Hii tisini na nane umeitoa wapi?"

"Mtoni, bosi."

"Mgeni rasmi alikuwa nani?"

"Mvua."

Akafunika kalamu yake. "Mama Tunu, usinitanie. Mstari unasema arobaini na nane."

"Mstari haujawahi kulowa, bosi. Mto wa mlimani maji yakipanda yanatanuka, halafu yanakimbia zaidi. Kina kikizidi mara mbili, yanayopita yanazidi mara nne, na wala hayakomei hapo. Mstari ulitakiwa upinde."

"Upinde?" Aliangalia ukutani kama aliyesikia tusi. "Mheshimiwa Waziri amesaini mstari ulionyooka, wewe unataka niupinde?"

"Nataka king'ora kiwashwe kwenye mita moja na tisini na mbili. Kule chini kuna shule."

"Najua kuna shule. Niliifungua mimi, kwa niaba."

"Mwanangu yuko kule."

"Mwanao yuko kule kama mwanafunzi," alisema kwa upole, na nadhani kwake ulikuwa upole kweli. "Hayuko kule kama kipimo."

Nikaandika barua ya kuomba radhi kwa kuusingizia mto mita hamsini za ujazo. Barua iliingia kwenye faili langu. Mto haukuulizwa.

Jumamosi iliyofuata nikashuka hadi Tambarare kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Sekunda. Tulisoma naye shule moja, tukagombania kitanda kimoja cha juu, kwa hiyo hatuna adabu ya kupotezeana muda. Nilimwambia yote.

"Kwa hiyo hicho king'ora hakitalia," alisema.

"Hakitalia. Nikikutumia Kiwelu, unapandisha watoto kilimani. Usiulize kitu."

"Bila kibali? Wataniandikia kwamba nimepeleka wanafunzi ziara ya mafunzo bila kibali."

"Utajibu nini?"

Akafikiri. "Nitajibu tulikwenda kuokota kuni. Kuni hazina kibali."

Tunu akaja mbio kunisalimia, magoti yakiwa na vumbi. Alikuwa na habari: ameingizwa kwenye kwaya ya shule.

"Wewe? Na sauti hiyo ya puani?"

"Mama! Mwalimu amesema nina soksi."

Ilikuwa kweli. Kwaya ya Tambarare ndiyo iliyoitwa kila akija mgeni rasmi, na ilichaguliwa kwa soksi: nyeupe, nzima, jozi. Kati ya wanafunzi mia tatu na kumi na wawili, wenye soksi za namna hiyo walikuwa ishirini na sita. Za Tunu nilizifunga kwenye mkoba mimi mwenyewe, jozi mbili, na nikamwambia akizitoboa nitamtoboa yeye.

*

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, masika yale yale. Mvua ilikuwa imenyesha mlimani siku tatu. Saa tano asubuhi rula ilisoma mita moja na sentimita arobaini na maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Saa sita ilisoma mita moja na sitini, na mawe yalianza kubingirika chini. Huyasikii kwa masikio, unayasikia kwenye nyayo.

Nikakimbia ofisini. Bwana Mkomangi alikuwa anaandika hotuba ya kiangazi.

"Mto unapanda sentimita ishirini kwa saa," nikamwambia. "Nipe ufunguo."

"Umefika tatu na sitini na saba?"

"Bosi!"

"Basi tusubiri."

Hapo akaingia Mzee Kiwelu, maji yakimchuruzika. Alisema barabara ya mlimani imeporomoka sehemu mbili, na katikati ya maporomoko hayo limekwama gari jeusi lenye bendera, na ndani ya gari kuna Mheshimiwa Ngwalima, Naibu Waziri wa Maji, Milima na Mapokezi, aliyekuwa anakwenda kufungua josho.

Nilielewa mara moja, na naomba msomaji anisamehe kwa furaha niliyoipata. Mgeni rasmi, wakati wa masika! Tangu nchi iumbwe haijatokea. Tukiupima mto mbele yake, nukta ya kumi na mbili itapatikana, si uvumi tena, na king'ora kitakuwa halali. Nilimwona Bwana Mkomangi naye ameelewa, kwa namna yake. Alisimama akafunga kifungo cha juu cha koti.

"Yuko mbali?"

"Nusu kilomita," alisema Kiwelu. "Anaweza kutembea."

"Kutembea!" Bwana Mkomangi alishika kifua. "Tafuteni mwavuli. Tafuteni viti. Mama Tunu, nenda ukamkaribishe, wewe ni mama, utakuwa na lugha."

Simu ya ofisi ilikuwa mezani kwa bosi, kwa hiyo kabla sijaondoka nilimvuta Kiwelu pembeni. "Mzee wangu, shuka Tambarare sasa hivi. Mwambie Sekunda kuni."

"Kuni?"

"Yeye anajua."

Pikipiki ikaondoka. Mimi nikapanda kumfuata Naibu Waziri, nikiwa na moyo mwepesi. Watoto walikuwa wanapanda kilimani, na mimi nilikuwa nakwenda kuleta sheria.

Mheshimiwa Ngwalima alikuwa mtu mwema. Alikuwa na chupa ya chai, akanikaribisha. Nilimweleza kwamba mto unahitaji kupimwa na hakuna mwingine anayeweza kushuhudia isipokuwa yeye.

"Mto unanihitaji mimi?" aliuliza, macho yakilowa.

"Haraka, mheshimiwa."

"Mama, miaka minne niko wizarani, na hakuna mto ulionihitaji." Akavua viatu vya ngozi, akavaa gambuti za dereva wake, tukashuka.

Darajani nilikuta viti vitano kwenye mvua, na kimoja kina kitambaa. Rula ilisoma mbili na kumi, mto ulikuwa umeongeza kasi. Bwana Mkomangi alikuwa mshereheshaji na msoma risala kwa pamoja. Skauti hakuwepo, kwa hiyo skafu nilimvisha mimi. Kitabu cha wageni alikisaini chini ya mwavuli, wino ukatiririka, akasaini tena.

"Mheshimiwa," nikasema, "tungeanza na pangaboi."

"Pangaboi baada ya risala," alisema Bwana Mkomangi.

Risala ilikuwa kurasa sita. Alisoma kwa sauti kubwa, kwa sababu mto nao ulikuwa unasoma ya kwake. Mbili na ishirini. Naibu Waziri akasimama kujibu.

"Itifaki imezingatiwa," alianza. "Ndugu wananchi." Wananchi tulikuwa wawili, na dereva. "Mto huu ninaouona ni mto wenye nidhamu. Umetoka mbali, umepita kwenye mawe, haujalalamika. Serikali inauthamini. Serikali inauambia: endelea kutiririka kwa mujibu wa miongozo..." Gogo likapita chini ya daraja, daraja likatikisika, akalipungia mkono. "Hata miti inaitikia!"

Mbili na thelathini. Mbili na arobaini. Alikata utepe.

Nilishusha pangaboi kwa mikono miwili, mguu nikiwa nimeuegemeza kwenye reli. Sihadithii kipimo kile, mikono yangu bado ina alama. Nikakokotoa kwenye kipande cha risala, upande mkavu. Mia moja sitini na moja.

"Mia moja sitini na moja, mheshimiwa. Mbele yako. King'ora kinatakiwa kwenye mia moja."

"Mia moja sitini na moja," alirudia, akafurahi kama aliyeshinda bahati nasibu. "Na tulitarajia ngapi?"

Bwana Mkomangi akamnong'oneza. "Mstari wa Mheshimiwa Waziri unasema sitini na tatu."

Furaha ikamtoka taratibu, kama maji kwenye beseni lililotoboka. Alitazama mto, akanitazama mimi, akautazama mto tena. Aliona vizuri kabisa. Hilo nitaapa popote.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "mimi ni Naibu. Nitamzidije bosi wangu kwa mita karibu mia?"

"Humzidi wewe, mheshimiwa. Unaomzidi ni mto."

"Lakini sahihi ni yangu." Akachukua kalamu. Kwenye fomu ya kipimo akaandika sitini na tatu, na pembeni, kwa sababu alikuwa mtu mwema, akaongeza: *na zaidi kidogo*.

Sikuomba ufunguo tena. Niliokota jiwe, nikapiga kufuli mara tatu, likaachia, nikabonyeza kitufe.

Wimbo wa taifa ukaanza. Ulikuwa mkubwa sana, ulijaza bonde lote, nadhani ulifika hadi mlimani. Naibu Waziri akasimama wima. Dereva akasimama wima na mwavuli. Bwana Mkomangi akasimama wima, mikono ubavuni, kufuli lililovunjika miguuni pake. Nami nilisimama, ni mazoea ya mwili, na nilikuwa nahema na kufikiri: watoto wako kilimani, king'ora hiki ni cha watu wa mashambani tu, dakika moja na sekunde arobaini, watawahi.

Bila kutikisa midomo, Bwana Mkomangi akasema, "Umeharibu ratiba. Kwaya ilikuwa bado."

"Kwaya gani?"

"Ya Tambarare. Nimeipigia simu saa sita, ulipokwenda kumchukua mheshimiwa. Mgeni hawezi kuondoka bila kuimbiwa. Wako njiani, wanakuja kwa miguu."

Nilikimbia. Katika bonde zima, kati ya watu wote wenye miguu, nilikuwa peke yangu ninayekimbia.

*

Mwalimu Sekunda alikuwa amefanya alichoahidi. Kiwelu alipofika na neno kuni, hakuuliza kitu, alipandisha watoto wote waliokuwepo. Waliokuwepo walikuwa mia mbili themanini na sita. Ishirini na sita wenye soksi walikuwa wameshaondoka na mwalimu wa kwaya, kwa amri ya simu, na Kiwelu alipitia njia ya juu kwa sababu ya matope, hakuonana nao.

Wanne walirudi. Mmoja ni msichana wa darasa la sita aitwaye Nakiete, tulimkuta juu ya mti wa mgrevilea, amejifunga kwa mkanda wa sketi. Nilimuuliza yale ambayo mama hapaswi kumuuliza mtoto wa mwenzie.

"Tulikuwa tunakimbia, mama," alisema. "Maji yalikuwa yameingia barabarani, Mwalimu akasema tukimbie hadi kwenye mwinuko, pale karibu. Halafu ukapigwa wimbo."

"Halafu?"

"Tukasimama."

"Na Mwalimu?"

"Mwalimu alisimama kwanza." Akaushika mkanda wa sketi. "Tunu alikuwa mbele yangu. Alisimama vizuri."

*

Tume iliundwa, ikaja Julai. Ilikaa kwenye viti vyenye vitambaa, ikaimbiwa na kwaya ya shule nyingine. Taarifa yake ina kurasa mia nne na mimi nimeisoma yote, kwa hiyo nyinyi msihangaike. Inasema siku ile mtiririko wa Mto Luhombi, kwa kipimo halali kilichoshuhudiwa na mgeni rasmi, ulikuwa mita sitini na tatu za ujazo kwa sekunde na zaidi kidogo. Inasema mtaalamu wa Tume amethibitisha kwamba maji kiasi hicho hayafiki barabarani. Kwa kuwa hayafiki barabarani, hayakuwafikia watoto. Kwa kuwa hayakuwafikia, hayakuwachukua. Wanafunzi ishirini na wawili na mwalimu mmoja wasioonekana shuleni tangu Alhamisi ile waandikwe kwenye daftari la mahudhurio kama watoro.

Mwalimu Sekunda alikataa kuandika neno hilo. Amehamishwa, yuko wilaya isiyo na kijito. Mwalimu mkuu mpya ana mwandiko mzuri.

Mheshimiwa Ngwalima amekuwa Waziri kamili. Alinitumia salamu za pole, bila kusema za nini.

Mimi nina barua mbili. Ya kwanza inanitaka nijieleze kwa nini nilionekana nikikimbia wakati wa wimbo wa taifa, mbele ya kiongozi. Hiyo nimeijibu kwa mstari mmoja. Ya pili ni fomu. Inatoka shuleni kila mwanzo wa muhula. Jina la mtoro: Tunu. Darasa: la tano. Sababu ya utoro, na pameachwa nafasi ya mistari mitatu. Mara ya kwanza niliandika: kina mita mbili na sentimita arobaini, mtiririko mita mia moja sitini na moja za ujazo kwa sekunde. Fomu ikarudi. Mia moja sitini na moja ilikuwa imekatwa kwa wino mwekundu, juu yake pameandikwa sitini na tatu, na chini: *Sababu haitoshi. Mzazi amlete mtoto shuleni.*

Sikufukuzwa kazi. Hakuna mwingine anayetaka kushuka mtoni asubuhi. Nasoma rula, narudi ofisini, naandika kina kwenye daftari. Kisha nakwenda ukutani ilipo grafu ya Waziri na kuweka nukta ya kumi na mbili mahali pake, mbali kabisa juu ya mstari, peke yake. Naiweka kwa kalamu ya wino.

Bwana Mkomangi akifika, anaikuta. Anachukua kifutio, anaifuta polepole, anapuliza vumbi, anakaa. Kesho yake naiweka tena, naye anafuta tena. Tumefanya hivyo tangu Julai ile, kila siku ya kazi, na hatujawahi kugombana.

Wiki iliyopita alifuta, akasimama akitazama ukutani, kifutio mkononi. Karatasi ilikuwa imekwisha. Kwenye mita mbili na sentimita arobaini, mia moja sitini na moja, kumebaki tundu la ukubwa wa punje ya mtama, na ukuta unaonekana.

Ameagiza karatasi ya kuziba. Inatakiwa isainiwe na Waziri.